Chungu cha Febronia Hakivuji

Febronia alikuwa na wivu, na mimi sitaanza kwa kumpamba. Pale sokoni Singida Mjini, kwenye kona ya wauza vyungu, watu walimjua kwa mambo mawili. La kwanza, chungu chake hakivuji. Ukijaze maji asubuhi, ukikalishe juu ya gunia kavu, jioni watu wanafunga biashara gunia liko vile vile. La pili, ukisifia chungu cha mtu mwingine mbele yake, mdomo unamvutika upande mmoja kama kauma ndimu, na siku hiyo hupunguziwi bei hata ulie.

Ufinyanzi alifundishwa na bibi yake mzaa mama, huko huko nyuma ya ziwa Kindai anakoishi mpaka leo, na akaufanya miaka thelathini na ushee. Kazi yenyewe wengi wanaijua: unachimba udongo, unautwanga, unaukanda, unafinyanga, unaanika kivulini, unachoma kwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Ila kuna mambo mawili ya mwisho ambayo Febronia hakumpa mtu. Moja ni jiwe. Bibi alimwachia jiwe jeusi la mtoni, laini, la kusugulia chungu kabla hakijaingia motoni mpaka kinang'aa. La pili ni magome. Chungu kikitoka motoni, bado chekundu, Febronia alikinyunyizia maji yaliyochemshwa na magome ya mti fulani, na ule udongo ukiyanywa yale maji unageuka mweusi na vitundu vyake vyote vinaziba. Mti gani, hakusema. Alikwenda porini peke yake, akarudi na magome kayafunga kwenye khanga, na ukimuuliza anakwambia ni dawa ya tumbo.

Sasa aliyemtia wivu ni Asnath, wifi yake, mke wa mdogo wake Antipasi. Alitoka Kilimatinde, kule mlimani upande wa Manyoni, akaolewa hapa miaka tisa iliyopita. Kabla ya hapo Antipasi alikuwa wa Febronia. Mama yao alifariki mtoto akiwa anatambaa, na Febronia, msichana bado, ndiye aliyembeba mgongoni na kumlisha. Hata alipoota ndevu, chakula cha jioni alikula kwa dada. Kisha akaja binti wa Kilimatinde mwenye mwanya na kicheko cha karibu, na tangu wiki ya harusi sahani ya Antipasi, ile ya bati yenye maua ya bluu, ikakaa kabatini kwa Febronia haina kazi. Febronia hakulisema hilo kwa mtu. Ila sahani ile hakumruhusu mtu mwingine kuilia, hata binti yake Jenipher akija likizo kutoka Dodoma.

Asnath hakuwa na mwezi pale nyumbani akaomba afundishwe kufinyanga. Febronia angekataaje? Ukoo ungesema nini? Akamfundisha, na nikwambie ukweli, alimfundisha vizuri, udongo, mkono, kivuli, kuni, yote mpaka kwenye kuchoma. Kwenye jiwe akasema mali ya bibi haiazimwi. Kwenye magome alinyamaza kabisa. Chungu cha kwanza cha Asnath kilipotoka motoni, Febronia alimwambia akipake uji wa mtama, basi, kimekwisha. Uji unasaidia, lakini ni wa mwezi mmoja tu. Baada ya hapo chungu kinaanza kutoa jasho, jioni kimekaa kwenye kidimbwi chake chenyewe.

Vyungu vya Asnath vilivuja miaka tisa. Wateja walivirudisha wakimnunia, naye akivipokea akiomba radhi, na wakishaondoka anaitazama mikono yake kama si ya kwake. Siku moja alimuuliza wifi yake, mkono wangu una nini? Febronia akamjibu kwamba udongo wa huku haujamzoea, kwa sababu yeye si mtu wa huku. Alilisema polepole, kwa huruma hasa. Usiku alilala vizuri.

Basi katika wateja wote wa Febronia hakuna aliyemthamini kama Lalita, ambaye mji mzima unamwita Mama Pinky. Ni mjane wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili kutoka sokoni. Babu wa mumewe ndiye aliyelijenga, na Kiswahili cha mama huyu ni cha Singida hasa. Miaka ishirini alinunua kwa Febronia tu. Ghorofani juu ya duka ana kibaraza kilichojaa maua, na vyungu vyote vile ni mkono wa Febronia. Katikati ndiyo pana mrehani ndani ya chungu kikubwa chenye shingo. Wao wanauita tulasi. Kwao si mboga wala dawa tu. Kila asubuhi akishaoga Mama Pinky anaumwagia maji na kuuwashia kijitaa, na ule mrehani ulipandwa na mama mkwe wake, marehemu sasa. Febronia kila akipita mtaa ule alikuwa anainua macho juu aone chungu chake kinavyong'aa. Na kila Diwali, sikukuu yao ya taa, Mama Pinky alimtumia sahani ya vitamu, yeye peke yake katika wafinyanzi wote, na Febronia alihakikisha wafinyanzi wote wanajua.

Shida ya Mama Pinky ilikuwa moja. Akisafiri, maua yanakufa. Singida unaijua, upepo unakausha hata mate mdomoni. Mwaka juzi alimwachia mlinzi kazi ya kumwagilia, mlinzi akasahau siku kumi, halafu akakumbuka na kumwaga ndoo nzima kila chungu kufidia. Yaliyosalimika na kiu yakazama. Mrehani uliponea tundu la sindano. Sasa Pinky, binti yake aliyeolewa Dar, alikuwa anakaribia kujifungua, na mama lazima aende, mwezi mzima.

Ndipo Shreya, mdogo wake Mama Pinky, akamtumia kitu kutoka huko Dar. Ni kidude cha udongo kilichochongoka chini, tupu ndani, urefu wa kiganja. Unakichomeka kwenye udongo wa ua, unajaza chupa ya maji, unaigeuza kichwa chini na kuipachika mdomoni mwa kile kidude. Udongo wa chungu ukikauka, unayavuta maji kupitia ubavu wa kile kidude, tone kwa tone. Ukilowa, yanatulia. Ua linakunywa lenyewe, wewe uko Dar unambembeleza mjukuu. Kilikuja kimoja tu, tena kimevunjika ncha kwenye basi. Mama Pinky akakitia kwenye mkoba akaenda sokoni kutafuta wa kumtengenezea vingine.

Alikwenda moja kwa moja kwa Febronia, ningependa hilo lijulikane. Wafinyanzi wote walikuwapo, na Asnath yuko mkeka wa pili, kando. Mama Pinky akakitoa kidude, akaeleza. Febronia akakishika, akakigeuza, akaona kinakwaruza, hakina hata rangi, akacheka. Akasema karoti gani hii, hata mtoto hawezi kukosea hivi. Akamuahidi atamfinyangia nzuri zaidi. Mama Pinky akaomba kwanza ajaribu udongo wake. Akamwaga maji kidogo kwenye kichungu cha Febronia, akasubiri, akapapasa ubavuni. Pakavu. Febronia akawageukia wenzake ili wamwone. Mama Pinky akatikisa kichwa, akasogea mkeka wa pili, akamwaga maji kwenye kichungu cha Asnath ambacho hakijapakwa uji.

Asnath akainamisha uso, maana alijua kitakachofuata. Dakika chache tu, kichungu kikaanza kung'aa kwa unyevu, kisha tone likatokeza chini, likaning'inia. Wanawake wakaguna. Febronia mwenyewe alishafungua mdomo amwombee radhi wifi yake, maana jambo hilo alilipenda sana, kumwombea radhi mbele za watu.

Mama Pinky akapiga kofi moja la furaha.

"Ndiyo hii," akasema. "Inavuja vizuri kabisa. Nifinyangie thelathini, mama."

Nakwambia, Febronia alihisi joto likimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Thelathini! Tena kamwita mama, huyu wa juzi. Kazi mbovu, kazi ya kurudishwa, leo inapigiwa kofi. Na lililomchoma zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyeifanya iwe mbovu. Angempa Asnath yale magome miaka tisa iliyopita, leo kichungu chake kingebaki kikavu na Mama Pinky angempita. Aliyemnyima ndiye aliyempa. Alikaa pale juu ya kigoda, anakunja na kukunjua pindo la khanga, hakuuza kitu mchana kutwa.

Karoti za Asnath zikashika kasi. Jina lile la karoti lilikuwa la dhihaka yake Febronia mwenyewe, watu wakalichukua wakalifanya la biashara, na hilo nalo likamuuma. Mama Pinky akamwambia mke wa Sajjad mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mke wa Sajjad akawaambia wengine. Walimu wanaopanda mboga kwenye ndoo wakaja. Mhudumu mmoja wa nyumba ya wageni akaja. Uani kwa Asnath kukaanikwa karoti safu kwa safu, na Antipasi, ambaye hajawahi kumtwangia dada yake udongo hata siku moja, sasa anatwanga na kupiga mluzi. Febronia aliusikia ule mluzi kupitia ukuta wa matete. Kila asubuhi Asnath alipita kumwamkia, shikamoo wifi, kwa heshima ile ile ya siku zote, na Febronia akaitikia marahaba kwa puani. Alitamani mwanamke yule ajidai kidogo. Angejidai, mtu angekuwa na la kushika. Hakujidai, na hilo pia lilikuwa kosa lake.

Kilichomtia Febronia wazimu ni ufunguo. Chupa zinatosha wiki moja, kwa hiyo lazima mtu apande ghorofani kila wiki azijaze. Mama Pinky akamkabidhi Asnath ufunguo wa ngazi. Miaka ishirini ya vyungu, Febronia hajawahi kupanda ile ngazi. Aliyaona maua kwa kuinua shingo kutoka barabarani. Na sasa huyu.

Akaamua atafinyanga za kwake, sita tu, lakini karoti zitakazowafanya watu wajue nani alimfundisha nani. Akachagua udongo wa ndani kabisa shimoni. Akafinyanga kuta nyembamba, zimenyooka. Akazisugua kwa jiwe la bibi siku mbili. Alijua, sikufichi, alijua karoti inatakiwa itoe maji. Alikuwa amejiapiza hatagusa magome. Lakini zilipotoka motoni, nyekundu, nzuri kupita chochote alichowahi kufanya, mkono ukaenda kwenye sufuria wenyewe. Miaka thelathini mkono umekwenda huko. Na moyoni ikamjia kwamba kutoa kitu chenye jina lake kikiwa na ule wekundu uliofifia, kama cha Asnath, hapana, afadhali asitoe. Akasema moyoni, kidogo tu, zipate rangi. Akanyunyizia. Zikafoka mvuke, zikageuka nyeusi, zinang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta.

Asubuhi akajaza moja maji, akaiegemeza juu ya gunia. Mchana gunia kavu. Furaha ikamjaa kabla akili haijafika, na akili ilipofika akaifukuza. Udongo wa kwenye ua una kiu, akajiambia, utayavuta tu. Wivu ukishakukaa unakuwa na majibu ya kila kitu.

Akazipeleka kwa Mama Pinky siku moja kabla ya safari, kazifunga kwenye khanga mpya. Akamwambia ni zawadi, hataki kitu, ila kwa heshima ya miaka ishirini ziwekwe kwenye mrehani. Mrehani uko ndani ya chungu chake, unyweshwe na karoti zake. Mama Pinky alisita. Mrehani alikuwa amekwisha kuupangia karoti mbili za Asnath, alizozijaribu zikamridhisha. Akazitazama zile nyeusi, akamtazama Febronia usoni, akaona kitu ambacho hakutaka kukiumiza.

"Sawa, Mama Jeni," akasema. "Mrehani ni wako."

Akapanda naye ngazi, mara ya kwanza katika miaka ishirini, akamwacha azichomeke kwa mkono wake mwenyewe. Mbili kwenye mrehani, nne kwenye waridi mbili zilizo kando yake. Chupa zikageuzwa. Kapovu kakapanda ndani ya chupa, kamoja tu, kisha kimya. Febronia akashuka akiwa mrefu kuliko alivyopanda.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Jua liliwaka na upepo ukavuma, vumbi likapita mjini siku tatu mfululizo. Wiki ya kwanza Asnath alikwenda kujaza chupa akarudi kimya, akapita uani kwa Febronia bila kicheko chake. Febronia akangoja aambiwe kitu. Hakuambiwa. Akataka kuuliza, mrehani haujambo? Lakini kuuliza ni kumkubali mwenye ufunguo, akameza. Alichofanya, alikwenda mjini akapita mtaa ule mara tatu, anainua shingo. Kutoka chini aliona vichwa vya majani tu. Mara ya tatu akadhani yamelegea, hakulala. Wiki ya pili akapita tena, akadhani yamesimama, hakulala pia. Akianza kufikiri juu ya gunia lile kavu anajiambia udongo una kiu, udongo una kiu, na mkono unatafuta pindo la khanga. Ukifa, Mama Pinky atajua ni karoti za nani, na soko zima litajua. Miaka ishirini itaishia kwenye chungu chenye kijiti kikavu.

Mama Pinky akarudi amenenepa, na picha za mjukuu kwenye simu. Siku ya pili tu akaja sokoni. Febronia alipomwona anakata kona alitamani aingie ndani ya chungu. Mama Pinky akaja moja kwa moja, akamshika mikono yote miwili mbele za watu wote. Mrehani umestawi, akasema. Umetoa maua. Haujawahi kuwa hivyo tangu mama mkwe yuko hai. Akawaambia wanawake, karoti nyeusi za Mama Jeni, jamani, acheni kabisa. Wenzake wanazitaka arobaini, nyeusi hizo hizo. Na Febronia aje nyumbani leo leo wanywe chai, aone mwenyewe.

Unafikiri Febronia alifanya nini? Alimtazama Asnath. Ndiyo, kitu cha kwanza, kabla hata ya kusema asante, aligeuka mkeka wa pili aone kama imemuuma. Asnath alikuwa anapanga karoti zake. Akainua uso akatabasamu, akasema hongera wifi.

Chai ilikuwa ya tangawizi, na kibaraza kilinukia mrehani mpaka kwenye ngazi. Ulikuwa umefunga, majani mazito, vishada vya maua vya zambarau. Mama Pinky akaingia ndani kuleta vitafunwa. Febronia akabaki peke yake na mti wake. Akaivuta chupa moja taratibu aione kazi yake mwenyewe ikiwa imelowa. Chini ya chupa palikuwa na mdomo mwekundu, unaokwaruza, na ukingoni alama ya kidole gumba. Asnath huacha ile alama kila chombo. Febronia alimgombeza kwa hiyo tangu chungu cha kwanza. Akavuta ya pili. Gumba. Akaenda kwenye waridi. Gumba, gumba, gumba, gumba.

Akarudisha chupa zote. Mama Pinky alipotoka na sahani alimkuta amekaa na amefumbata mikono.

Njiani kurudi, Febronia alikuwa na sababu zote za kuona aibu, na aibu aliiona. Lakini nisikudanganye, wivu ndio uliotangulia. Biashara Asnath kamzidi. Ufunguo kamzidi. Antipasi kamchukua. Na sasa hata wema kamwahi, kaufanya kimyakimya, wiki ya kwanza, na hakusema, hata pale sokoni ambapo neno moja tu lingemwangusha Febronia asiinuke. Yeye Febronia angelisema neno lile. Alijijua. Angelisema, tena kwa huruma.

Akamkuta Asnath uani anakanda udongo, Antipasi hayupo. Hakusalimia.

"Karoti zangu ziko wapi?"

Asnath akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka nazo zimefungwa kwenye ile khanga mpya, iliyokuwa imeachwa kibarazani. Tano alizifungua chini. Ya sita aliibeba imesimama, imejaa maji mpaka mdomoni. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba wiki ya kwanza alikuta chupa zimejaa kama zilivyowekwa na mrehani umelala, majani ya chini yameanguka. Akauloweka, akatia za kwake. Angemwambia nini Mama Pinky? Jina la wifi ndilo linalowauzia wote pale sokoni. Likianguka hilo, nani atasimama kwenye kona yao? Na hii moja aliijaza maji siku ile ile akaiweka dirishani, ajionee. Wiki tatu zimepita, hayajapungua.

Kisha akainua macho, na Febronia akaona yamejaa.

"Miaka tisa nilidhani ni mkono wangu," Asnath akasema. "Nilikuwa namuomba Mungu anibadilishie mkono. Unaweka nini, wifi?"

Febronia alifungua mdomo aseme dawa ya tumbo. Lilikuwa pale pale ulimini. Akaitazama ile karoti nyeusi, maji yametulia mdomoni mwake, kazi safi isiyo na faida, na akamtazama yule mwanamke aliyekaa miaka tisa akiichukia mikono iliyookoa jina la mtu mwingine. Akakaa chini kwenye udongo, na gauni lake la kwendea chai.

"Kuna mti," akasema. "Kesho asubuhi chukua panga, nikuoneshe."

Sokoni alimwambia Mama Pinky ukweli, kwa maneno machache, akiangalia pembeni. Zile arobaini akazifinyange Asnath, nyekundu, na mrehani mshukuruni yeye. Mama Pinky akauliza kama Febronia atamfinyangia chungu cha kuulea mrehani mdogo, maana mbegu zimeota. Febronia akaitikia kwa kichwa tu. Wanawake walisikia yote, na walisema waliyosema.

Usifikiri wivu uliisha. Hauishi hivyo. Asnath alipofinyanga chungu chake cha kwanza cha kupikia baada ya kuoneshwa mti, akakisugua kwa jiwe la bibi, akakinyunyizia maji ya magome, alikileta kwa Febronia akikague. Febronia akakijaza maji. Akakiweka juu ya gunia kavu mbele ya kigoda chake, asubuhi na mapema, akakaa akakikodolea macho. Wateja walikuja akawajibu bila kugeuka. Mchana hakula. Alikaa pale akiombea litoke tone moja, dogo tu, sehemu yoyote.

Jioni akainua chungu, akapapasa gunia kwa kiganja chote. Kavu. Akayamwaga yale maji, akakifuta kwa pindo la khanga yake, akakipanga mstari wa mbele, kando ya vya kwake.